Jina Alilosahau Mwalimu

"Imekufa," alisema Fundi Deo, akatoa sikio lake kwenye boksi la kompyuta.

Tulikuwa watatu sebuleni kwa Mwalimu, hapa Bariadi, Jumamosi saa nane mchana. Kwa wiki sita ile mashine ilikuwa inagonga kwa ndani, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga sahani kwa kucha. Sasa ilikuwa kimya. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani uliotembea mpaka asilimia kumi na moja, ukasimama hapo.

"Huyo ni Doto," Mwalimu akasema. "Hakuna shida. Mrudishe Kulwa."

Fundi akakuna shingo.

"Fundi, nimesema mrudishe Kulwa."

"Mzee, Kulwa nimeshamsafisha."

"Umemsafisha vipi? Vumbi?"

"Nimefuta vyote vilivyokuwamo. Nilijua ndiye mgonjwa. Si wewe mwenyewe umeniambia namba moja ni Kulwa?"

Kulwa na Doto zilikuwa diski mbili ndani ya kompyuta ya Mwalimu. Mimi nimeishia darasa la nne na kompyuta siijui, lakini hapo nilielewa haraka kuliko Mwalimu. Mle ndani ilikuwamo sauti ya Jilala, mtu aliyenikata mkono, akitaja kwa kinywa chake nani alimtuma. Jilala mwenyewe tulikuwa tumeshamzika. Jumatatu, yaani keshokutwa yake, sauti hiyo ilikuwa iende polisi.

Mwalimu aliweka mikono yote miwili magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Akaniambia kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hebu zima, halafu washa tena."

Nikazima. Nikawasha. Nilifanya hivyo mara nne, maana aliendelea kuniomba.

Naandika haya kwa mkono wa kulia, ndio uliobaki. Mimi nilizaliwa wa kushoto. Kulima, kukoroga ugali, kuandika, vyote nilifanya kwa ule waliouchukua. Aliyenifundisha kuandika upya ni huyo huyo Mwalimu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: hata maneno ya kumshitaki amenipa yeye.

Jina lake siliandiki. Sikuwahi kumwita kwa jina, hata mke wake alimwita Mwalimu. Alizaliwa wapi, ukoo gani, hayo wataandika watoto wake. Mimi naandika nilichokiona kwa miaka tisa ya kuingia na kutoka nyumbani kwake.

Alikuwa mtu wa kufunga vifungo vyote vya shati, mpaka cha shingoni, hata jua la mwezi wa kumi likiwaka. Mfukoni aliweka kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Ile nyekundu ilikuwa maarufu. Alikuwa akiona tangazo limebandikwa ukutani lina kosa, analisahihisha pale pale, anaweka na alama. Siku moja tulikwenda msibani kwa watu hatuwajui vizuri, tumefuata jirani tu. Mwalimu akasogelea msalaba, akasoma jina la marehemu, akatoa kalamu. Walikuwa wameruka herufi moja. Wafiwa wakakasirika, kijana mmoja akamshika mkono, akamwambia, "Mzee, heshimu wafu." Mwalimu akamtazama.

"Wewe ndiye unayemvunjia heshima," akasema. "Unataka alale na jina la mtu mwingine?"

Wakamwachia. Akaandika ile herufi taratibu. Mama wa marehemu alikuja baadaye akapiga goti mbele yake, akamshukuru, "Wabeja, baba." Siku hiyo nilimpenda Mwalimu kama mzazi. Nilijiambia, mtu anayejali herufi moja ya mfu, atashindwaje kujali mkono mzima wa mtu aliye hai?

Majina ndiyo yalikuwa sifa yake. Alifundisha miaka mingi Lalago, na rejista za madarasa yote alizihifadhi kichwani. Tukiwa stendi anaweza kumsimamisha mtu mzima mwenye kitambi na funguo za gari.

"Wewe. Dawati la tatu, upande wa dirisha. Ulificha chaki kwenye soksi."

Yule mtu anacheka mpaka machozi. "Shikamoo Mwalimu! Bado unakumbuka?"

"Jina lako lilikuwa baada ya Kashinje na kabla ya Limbu. Nitasahauje?"

Ukitaka kusema jambo mbele yake, ilikuwa lazima usimame. "Simama ujibu." Alimwambia hivyo mpaka diwani, kwenye mkutano, na diwani akasimama. Kama jambo lenyewe hulijui vizuri anakuuliza, "Ushahidi wake?" Mke wake alikuwa hana muda na mambo hayo. Mvua ikianza kunukia, mama anasema jamani tuingize karanga, mvua inakuja. Mwalimu kutoka kwenye kiti chake: "Ushahidi wake?"

"Kaa hapo hapo nje ulowe," mama anajibu, "ukishalowa utakuwa nao."

Nilifika kwake nikiwa na bandeji. Nilikuwa nimekimbia kwetu Zagayu, nimepangisha chumba huku mjini, nauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga karibu na stendi. Mwalimu alikuwa amestaafu, na alikuwa ameanza kazi ya kuwarekodi wanawake wa mkoa huu waliosingiziwa uchawi. Alikuwa na kamera ndogo aliyotumiwa na mtoto wake. Anakuketisha kwenye kiti cha mbao, anakuuliza, unasema kwa Kisukuma ama Kiswahili, unavyotaka. Wengi wetu kosa letu lilikuwa macho mekundu, na macho ya mwanamke aliyepika kwa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote yatakuwa na rangi gani nyingine? Mimi hata macho mekundu sikuwa nayo. Mimi nilikuwa na shamba.

Mume wangu alipofariki, mdogo wake, Masunga, alitaka lile shamba la pamba. Naandika jina lake bila kutetemeka: Masunga, shemeji yangu, aliyekula kwangu akiwa bado hajaoa. Alizunguka kijijini akisema nimemroga kaka yake. Alizunguka miezi miwili, na watu wakaacha kunisalimia. Halafu mchana mmoja, napalilia, wakaja wawili. Mmoja alifunika uso kwa kitambaa. Wa pili hakujifunika, alikuwa Jilala. Niliinua mkono wa kushoto kujikinga kichwa. Basi, zaidi ya hapo sielezi, nimeshaeleza mara nyingi na haujaota.

Wote walitoroka. Masunga alikuja hospitali kunipa pole, na machungwa.

Mwalimu aliponisikiliza hakulia wala hakusema pole. Aliuliza, "Mkono uliokuwa ukiandikia ni upi?" Nikamwonyesha ulipokuwa. Siku iliyofuata alininunulia daftari la mistari ya darasa la kwanza. Kila nilipopeleka michembe kwa mke wake, nilikuwa nakaa barazani naandika a, e, i, na yeye anasahihisha kwa nyekundu. Mwaka mzima. Nilipoandika jina langu likakaa juu ya mstari bila kuanguka, aliandika pembeni "Vizuri" na akaweka tarehe. Lile daftari ninalo mpaka leo. Nimetaka kulichoma mara mbili, nimeshindwa.

Sasa niseme habari ya mashine.

Kompyuta ilikaa sebuleni juu ya meza yake peke yake, imefunikwa khanga ya mama. Viatu unavua mlangoni. Maji huingii nayo. Kuku akionekana kizingitini, Mwalimu mwenyewe anatoka na fimbo. Ndani aliweka diski mbili za aina moja, akazibandika karatasi: Kulwa juu, Doto chini. Alipenda sana kuelezea wageni.

"Hawa ni mapacha," alikuwa akisema. "Ninachomwandikia Kulwa, Doto naye anaandikiwa hicho hicho, wakati huo huo. Kama mlivyolelewa nyie: ukimpa Kulwa kipande cha muhogo, Doto lazima apate kinacholingana. Mmoja akifa, mwenzake yupo na kila kitu."

Wageni wanaitikia kwa kichwa. Kwetu sisi jambo la mapacha halihitaji maelezo. Na kila mtu kwetu anajua Kulwa ndiye wa kwanza kuzaliwa na Doto ndiye wa pili. Kumbukeni hapo.

Mwaka jana, kabla ya masika, Jilala akarudi. Alirudi mgonjwa, kifua kimeisha, shati linaning'inia. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani kule Lalago, ndiyo maana hakwenda kwa mchungaji wala kwa mwenyekiti, alikwenda kwake. Nilikuwa jikoni nje, tunabangua karanga na mama. Nilimwona akisimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa kipindi. Nilimtambua, na karanga zikanimwagika.

Mama akanishika bega. "Tulia, mayu. Acha aseme."

Aliomba mimi nisiingie, aliona aibu. Wakakaa wawili tu ndani, yeye na Mwalimu, na kamera. Jilala alipoondoka, Mwalimu aliniita, akanichezea kwenye kompyuta. Jilala alikuwa anakohoa kila baada ya maneno matatu. Lakini pale hakukohoa. Alisema wazi: "Aliyetutuma ni Masunga, shemeji yake. Alituambia huyu mama asione mavuno."

Wiki mbili baadaye Jilala akafa.

Mimi nilimwambia Mwalimu siku ile ile: nipe kwenye flashi. Sikuomba kingine.

"Flashi ni kitu cha kupotea, mayu. Inaingia virusi. Utaiweka wapi, kwenye kapu la michembe?"

"Nitaishona kwenye sketi."

"Hapana. Ushahidi haushonwi kwenye sketi. Hapa upo mara mbili, kwa Kulwa na kwa Doto. Nikimaliza kuwarekodi wenzako waliobaki, tunapeleka wote kwa pamoja, kazi iliyokamilika."

Kadi ya kamera akaifuta, ili aitumie kwa wengine. Kazi iliyokamilika! Ndivyo alivyokuwa. Hakuwahi kukusanya daftari moja moja, alitaka ya darasa zima, yamepangwa kwa majina. Nikakubali, kwa sababu alikuwa Mwalimu.

Kuna mambo mengine kwake sikuwahi kuyaelewa. Mtu huyu aliwahi kumfuata mkuu wa kituo cha polisi ofisini na kumwambia simama ujibu, asiogope chochote. Lakini mashine yake ilipoanza kulia, aliiogopa. Ilianza na mlio mwembamba, pii, pii. Halafu ikaja ile tik, tik. Kwenye kioo kikawa kinatokea kibao cha njano. Nikimuuliza, anasema ni joto. Umeme umekatika sana wiki hii, itatulia. Siku moja nilikuta ameweka mto juu ya boksi.

"Mwalimu, inalia."

"Nimesikia."

"Inalia nini?"

"Inalialia tu."

Sikuthubutu kumuuliza ushahidi wake. Ningethubutu, leo nisingekuwa naandika. Nadhani alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu wiki ya kwanza, na hakutaka mtu yeyote aje kumwambia kwamba kitu alichowasifia watu wote kina ugonjwa.

Ijumaa mpelelezi, niliyekuwa nimemweleza habari za Jilala, alinipigia simu: leteni hiyo video Jumatatu, faili lako litafunguliwa upya. Nikakimbia kwa Mwalimu. Akafunua khanga, akafungua mashine. Iliwaka polepole kama ng'ombe anayeamka na mimba. Video ilitokea. Niliona uso wa Jilala kwenye kale kapicha kadogo, nakwambia niliuona! Mwalimu akabonyeza, ikakwama.

"Chukua kwanza ya kwangu," nikamwambia. "Hata kama ni taratibu. Hamisha hiyo moja tu, weka popote."

"Huwezi kuhamisha kwenye mashine mbovu, mayu, utaharibu. Tutengeneze kwanza."

Kesho yake akamwita Fundi Deo. Naye namtaja, ana kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta, na kibao nje kimeandikwa kwa rangi tatu. Alikuja na diski mpya na laptop yake. Akasoma kwenye kioo: Diski 1 ina hitilafu.

"Mzee, namba moja ni ipi hapa?"

Mwalimu alisimama kabisa, kama anajibu swali la mkaguzi. "Wa kwanza ni Kulwa. Hilo nalo la kuuliza?"

"Na kweli," Fundi akacheka. "Mimi mwenyewe mdogo wangu ni Doto."

Akamchomoa Kulwa. Akamweka mpya mahali pake, akaiamuru mashine imjaze mpya kutoka kwa Doto. Ilianza vizuri. Moja, mbili, tatu. Na Fundi, kwa kutokuwa na kazi ya mikono, akamchomeka Kulwa kwenye laptop yake akaanza kumfuta.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Hii ya zamani naisafisha, mama. Nikimaliza napima, labda inafaa bado kwa mteja mwingine."

"Si usubiri ile imalize kwanza?"

"Mama, hii ni kazi yangu. Mimi nimekuja kukufundisha kuuza karanga?"

Mwalimu akacheka. Nataka ijulikane kwamba alicheka.

Ilipofika kumi na moja, Doto akagonga mara tatu kwa nguvu, akanyamaza. Mengine nimeshasema. Baadaye Fundi alisoma soma kwenye simu yake, akaja na jibu, uso umempauka. Ile mashine haianzi kuhesabu moja. Inaanza sifuri. Kulwa alikuwa sifuri, mzima kabisa, hana hata chunusi. Namba moja ilikuwa Doto.

Jumatatu nilikwenda polisi mikono mitupu, na mpelelezi hakunifukuza. Aliuliza, "Mbali na wewe, nani mwingine alimsikia huyo Jilala akisema?"

"Mwalimu. Alisema naye uso kwa uso, mimi nilisikia kwenye mashine tu."

"Basi Mwalimu aje aandikishe maelezo. Siyo sawa na video, lakini ni kitu. Bila yeye ni neno lako wewe mlalamikaji, dhidi ya shemeji yako."

Nilitoka nimepata nguvu kidogo. Nikapita moja kwa moja kwa Mwalimu. Mama alinipokea getini, haniangalii. "Amekwenda Kiloleli, kwa binti yake, kupumzika."

Nilimpa mwezi mmoja apumzike. Wa pili nikapanda gari.

Nilimkuta Kiloleli mbele ya duka la binti yake, kwenye kiti cha plastiki. Vifungo vyote vimefungwa. Kalamu zote mbili zipo. Aliniona tangu nashuka, akaanza kujishughulisha na gazeti la zamani.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Habari za Bariadi?"

Binti akaleta kiti na soda. Tukaongea mvua, tukaongea pamba, tukaongea afya ya mama. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Akapita mtu na baiskeli, amefunga gunia la mpunga nyuma. Akasimama, akaweka mguu chini.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba, Ndaki." Mwalimu hakufikiri hata kidogo. "Ndaki Sospeter. Dawati la nyuma karibu na mlango. Tano zako ulikuwa unaziandika zinatazama nyuma."

"Mpaka leo, Mwalimu!" Yule akaondoka anacheka, baiskeli inayumba kwa uzito.

Nikaweka soda chini.

"Mwalimu, Jilala alisema nani aliwatuma?"

Akakunja gazeti. "Ushahidi ulikuwa kwenye mashine, mayu. Mashine imekufa."

"Siiulizi mashine. Nakuuliza wewe. Ulikaa naye goti kwa goti."

"Nilikuwa naangalia kamera. Naangalia kama inarekodi."

"Jina moja tu. Twende ukalitaje Bariadi, urudi zako hapa hapa upumzike."

"Nimesahau."

"Umesahau?"

"Uzee, mayu."

Ndaki alikuwa bado hajafika kwenye kona. Tulikuwa tunamwona mgongo. Nikamwonyesha Mwalimu kwa mkono nilionao. Hakutazama. Akaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo.

"Wataniuliza video iko wapi. Nitajibu nini mbele ya watu? Nusu ya wale askari nimewafundisha mimi. Niseme nilihesabu mpaka moja nikakosea?"

Ndicho alichoniambia. Si kwamba alimwogopa Masunga. Angemwogopa Masunga ningemwelewa, hata mimi namwogopa. Alikuwa anaogopa kuchekwa. Nilibeba kikapu changu nikaondoka, na alikuwa anasema "Mayu, mayu," lakini hakunyanyuka kwenye kiti.

Masunga amepanda pamba msimu huu kwenye shamba langu, imestawi vizuri sana, nimeambiwa. Aliyefunika uso kwa kitambaa bado yuko mahali, anasalimiwa. Fundi Deo ameongeza rangi ya nne kwenye kibao, na Kulwa yuko ndani ya kompyuta ya mtu, anahifadhi mechi za mpira. Hao wote nimewataja na nitawataja popote nitakapoulizwa. Lakini nimetaja mpaka nimechoka, na neno langu linahesabiwa kuwa ni la mkono mmoja.

Hii karatasi nimeiandika mara mbili, kwa mkono wangu. Moja naiacha kwa mpelelezi. Ya pili inakuja Kiloleli. Mwalimu, isahihishe ukitaka, kalamu unayo. Utakuta herufi nimeruka. Faili halijafungwa, nimeuliza jana. Benchi liko nje ya mlango wa mpelelezi, na mimi nakaa hapo kila Jumatatu tangu asubuhi na michembe yangu, watu wote wa stendi wanajua pa kunikuta. Uliandika jina sawasawa kwenye msalaba wa mtu usiyemjua. Mimi unanijua. Diski zilikuwa mbili, na tuliomsikia Jilala tuko wawili, mimi na wewe.

Jilala alisema nani alimtuma?

Simama ujibu.